Losaline Aliyeketi Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Losaline Fifita wa Vava'u, msukaji mikeka, tuliyemzika juzi. Losaline alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi. Unaiba nuru kidogo kidogo, kuanzia pembeni, na kilichoibwa hakirudi.

Alipewa dawa ya matone, atie kila jioni. Ikawa inamwasha, na nafuu haioni. Basi akawa anaingia chumbani, anamwaga tone dirishani, anatoka akijipangusa macho. Wifi yake Vika, wa nyumba ya pili, akimuuliza, anajibu ametia. Uongo ule ukamfunga. Dunia ilizidi kumbana, akaiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kadiri ilivyombana ndivyo ukweli ulivyozidi kumkwama kooni. Mwishowe giza likafunga kabisa. Hata kushuka barazani peke yake hakuweza.

Kisha kaka yake Lisiate, mume wa Vika, naye akakutwa na ugonjwa uleule. Jioni moja Losaline akamsikia akimwambia mkewe, "Nimeshatia." Jibu lile alilijua. Alilitumia miaka.

Kwetu Tonga kaka na dada hawagusani, na neno la dada halipingwi. Losaline hakuweza kumtilia dawa kwa mkono wake. Akaomba apelekwe kwao, akaketi mlangoni, miguu kaitandaza kizingitini.

"Vika, mtilie."

"Dada, wenzangu wananingoja tukanywe kava," Lisiate akalalamika.

"Nenda. Niruke upite."

Nani amruke dada yake? Lisiate akaketi. Ndipo Losaline akamweleza yote, dirisha na uongo wake. "Sikumwaga dawa, kaka," akasema. "Nilimwaga macho."

Lisiate akainua uso. Vika akatia.

Tangu hapo Losaline aliketi pale kila jioni, hadi alipougua kifua kilichomwondoa. "Ilikuwa jela," Vika ananiambia, akicheka na kulia. "Alitufunga humo ndani sote. Lakini mume wangu bado analima viazi vikuu vyake, na uso wangu anauona."

Jioni ya mazishi, Lisiate alilia mpaka Vika akaogopa kumtilia, machozi yasije yakaiosha dawa. Wakangoja. Yalipokauka, akainua uso bila kuambiwa.

Lisiate, Vika, na ukoo wote, poleni sana. Mungu ampumzishe Losaline. Nawe msikilizaji mpendwa, kama nyumbani kwako yupo anayesema ametia, usimgombeze. Kaa naye, mpaka umwone anatia.