Mungu Alinipa Mshirika wa Kunikatalia

Asifiwe Bwana aliyetuamsha leo, ndugu zangu! Mimi ni Mama Safi wa Kapata, mjane. Mashine ya kusaga mahindi mnayoisikia ikinguruma kila asubuhi ni ile aliyoniachia mume wangu. Kazi ilinielemea peke yangu, nikamwomba Mungu anipe mshirika.

Walikuja wawili. Wa kwanza jirani yangu, Mama Odia. Kuingia tu, akaanza: hapana, mahindi haya hayajakauka. Hapana, unga usifungwe ungali moto. Hapana, hapa pana panya. Akanichosha! Wa pili Mama Bea, dada yangu katika maombi. Nikisema twende kununua mahindi Tenke, "Amina!" Nikisema tufunge mapema, "Amina!" Ndugu zangu, moyo ukatulia. Nikasema Bwana amejibu, nikamchukua Mama Bea.

Siku moja magunia yakatuishia. Mama Bea akaenda Musonoi, kule kwenye migodi ya shaba, akakuta mtu anauza magunia ya bei rahisi, akaambiwa yameoshwa vizuri. Mnadhani alijibu nini? Amina! Hakuwa na ubaya, hakujua kukataa tu, na mimi sikuangalia. Tukayajaza unga.

Jioni ile nilipeleka gunia moja nyumbani nimpikie uji mjukuu wangu, Dorkasi. Mama yake alifariki akimzaa, kwa hiyo huyu mtoto hana mwingine ila mimi. Alikuwa ameugua sana, na siku hiyo ndiyo kwanza aliomba chakula kwa kinywa chake. Furaha gani hiyo! Nilikuwa naimba jikoni.

Mama Odia akaingia kuomba kaa la moto. Akaliona gunia, akalishika mdomo, akaugeuza nje. Mishono yote ilikuwa na kijani cha mawe ya shaba. Kabla sijauliza kitu, alikuwa ameshaipua sufuria na kumwaga uji wote uani.

"Mama Odia! Unamwanga chakula ya mutoto?" nilipiga kelele.

"Hapana, mama. Hii saki ilibebaka mawe ya mine, iko na sumu. Unichukie tu, lakini huyu mutoto hatakula hii."

Ndugu zangu! Dorkasi analia njaa, kijiko mkononi. Mama Odia akaenda kwake, akarudi na unga wake, akakoroga uji mwenyewe, akampulizia mtoto mpaka akashiba. Kisha akanishika na mimi mabega, mimi niliyemkataa. Nililia kama mtoto! Unga wote wa magunia yale tuliufukia shimoni kabla haujamfikia mtu.

Mama Bea bado naomba naye, nampenda. Lakini kwenye mashine niko na Mama Odia, na mpaka leo ananikatalia!

Namshukuru Mungu aliyenijibu mara ya kwanza nisimwelewe, akanijibu tena bila kuchoka. Wewe unayetafuta mtu wa kufanya naye kazi, mtegemee yeye. Mwambie akupe anayekupenda kiasi cha kukukatalia.

Mama Odia amekuja nasi leo, ameketi kule karibu na mlango. Nilimwomba tusimame wote hapa mbele. Mama, simama basi wakuone.

Anatikisa kichwa! Mnamwona? Ndiye huyo niliyepewa, ndugu zangu. Utukufu kwa Mungu!