Bi Biubwa, Tasa Lake na Kikombe cha Waskoti

Baada ya miaka ishirini na tatu ya kuwapikia chai wataalamu wa maneno, Bi Biubwa Mansour anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kuanzia tarehe mosi Julai, ofisi yetu ya kamusi za Kiswahili hapa Troyeville itagundua kwamba birika halijichemshi lenyewe.

Miaka yote hiyo alitoka Rosettenville kwa teksi mbili na hakuchelewa hata siku moja. Sisi wenye shahada, tunaokaa umbali wa robot mbili, yaani taa mbili tu za barabarani, bado tunalaumu foleni.

Kisha kuna suala la "tassie". Ni neno la Kiskoti, maana yake kikombe, na mfadhili wetu mwenye asili ya Uskoti aliomba liingie kwenye kamusi yetu ya asili za maneno. Mkuu wetu, Bwana Ruphin, alilifuatilia kwa miezi minane na semina tatu, akafika kwenye "tasse" ya Kifaransa, akatua mizigo. Kwa mzaliwa huyu wa Lubumbashi, nyuma ya Kifaransa hakuna kitu.

Bi Biubwa, aliyekuwa akigawa maandazi, akatazama ubao, akasema eish, mbona hilo ni tasa, bakuli la shaba wanalonawia mikono kwao Unguja? Bwana Ruphin akamweleza kwa upole mkubwa kwamba elimu inataka ushahidi. Kesho yake ushahidi ukaja ndani ya mfuko wa plastiki, ukawekwa mezani kwake. Wiki moja baadaye mkuu "aligundua", peke yake bila shaka, kwamba Wafaransa walilitoa neno kwa Waarabu, na Waarabu kwa Waajemi. Waskoti walizungukia Ufaransa kulipata. Sisi tuliletewa mlangoni.

Bi Biubwa aliomba jambo moja tu: jina lake liandikwe. Mjukuu wake, Nusaiba, humjibu kwa Kizulu, na huona haya akiitwa kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Bibi alitaka amwonyeshe lugha yao kitabuni. Bwana Ruphin akaandika: "Kwa mujibu wa chanzo cha jikoni." Liliniuma sana jambo hilo.

Bahati nzuri, prufu za mwisho, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, huzisoma mimi. Kamusi ilitoka kiwandani jana, nakala elfu mbili, na Bwana Ruphin bila shaka analigundua hili sasa hivi, pamoja nanyi.

Asante, Bi Biubwa. Tunakuombea afya, raha na chai utakayopikiwa na wengine. Tasa lako bado liko mezani kwa mkuu, limejaa kalamu. Usiondoke bila kulichukua.

Sasa tunamwomba Nusaiba, safu ya mbele, afungue ukurasa wa 212 na kutusomea jina lililopo. Kwa Kiswahili.