Meja wa Mgongoni

— Koti ni ya kuvaa, Kiptanui! Hata mtoto anajua!

— Na mimi nakwambia hii ni ya kutundika. Koti ni yangu, ukuta ni yangu.

— Lakini mshono ni yangu! Watu watasema Mohanlal ametengeneza koti mpaka mwenyewe anaogopa kuivaa. Lete hapa nifumue!

— Jaribu kumgusa Meja, Baba Umesh. Jaribu tu, uone.

Wawili hao, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa koti, walikuwa Mohanlal, baba yake Umesh, fundi wa nguo wa Bondeni, Nakuru, na mzee Kiptanui, aliyestaafu kazi ya reli akastaafia kwenye benchi la baraza ya duka la fundi huyo. Ilikuwa Julai ya mwaka wa sabini na mbili, na baridi ya mlima Menengai ilikuwa imeshuka mjini bila kubisha hodi. Pembeni, Khaemba, aliyeitwa Birika, alikuwa akichochea jiko lake la kahawa, na karibu naye Ngigi, aliyeitwa Gazeti kwa kuwa alijua habari kabla hazijatokea, alikuwa akinyoosha kikombe. Ndani, karibu na mlango palipo na mwanga, msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Chepkorir alikuwa akipiga cherehani kola za sare za shule, masikio yote yakiwa nje. Shule yenyewe aliiacha darasa la saba, karo ya nyumbani ilipomtosha kaka yake peke yake. Sindano hakuiacha. Tangu udogoni alishona magunia, na magunia yalipokosekana alishona majani ya malenge.

Koti liliungua mgongoni Kiptanui alipoligeuzia kisogo jiko la Khaemba. Akalileta litiwe kiraka. Sasa, Chepkorir alikuwa amemsikia mzee huyu kila siku akimsifu Meja, fahali aliyemnunua kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Meja akafa kiangazi. Basi msichana akaokota vipande chini ya meza ya kukatia, vya kaki, vya kahawia, na cheupe kimoja cha kola kwa ajili ya baka la pajini, akamshona Meja kwa mkono, mgongo mzima wa koti, miguu imekita na shingo imenona. Kiptanui alilichukua akaenda nalo nyumbani. Tangu siku hiyo hakulivaa. Mohanlal alipomwona anatetemeka na shati kwenye benchi, akamtuma alilete.

Mohanlal alishinda mvutano. Akalitundika koti kwenye msumari wa nguzo, akageukia mlangoni.

— Chepkorir! Wewe ndiye umeanza hii maneno. Sikiliza. Hii birika ya Khaemba ikiisha, nataka ng'ombe imetoka, kiraka nyeusi imeingia. Ukikataa, kesho usikalie hiyo stuli. Mimi nataka fundi wa kola. Fundi wa ng'ombe sitaki.

Mguu wa Chepkorir ukasimama kwenye pedali. Hakuwa na cherehani nyingine, wala hakulijua duka jingine ambalo lingempokea msichana asiye na cheti.

— Mimi sinywi tena, akasema Kiptanui haraka, akifunika kikombe chake kwa kiganja. Nimeshiba. Hata wewe, Gazeti, weka chini.

— Niweke chini kahawa moto kwa ajili ya ng'ombe aliyekufa? akasema Ngigi. Tena hiyo ni picha. Picha ni kazi ya studio. Lazima mtu aingize kichwa kwa kitambaa cheusi, akwambie usipumue.

— Wacha wewe, akasema Khaemba. Kitambaa, rangi tatu, mnyama katikati, kimetundikwa ukutani. Hiyo ni bendera.

— Bendera ya nani?

— Ya chama! Mzee anaanzisha chama. Polisi wakija, swali la kwanza litakuwa: nani alikuwa anawauzia kahawa?

— Kweli kabisa! Ngigi akasimama. Tazama mkia. Unaelekea magharibi. Huo mkia unawaonyesha wanachama mahali pa kukutana.

— Mkia unafukuza nzi, Gazeti, akasema Kiptanui.

— Ndivyo mtakavyosema kortini.

— Lakini wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akasema Khaemba. Hili koti halitembei. Basi ni zuri.

— Na walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi hatujakusifu hata siku moja, Birika, na kahawa bado ni maji. Ongeza.

Khaemba akamimina. Chepkorir, kwa ndani, alisikia sauti ya birika imekuwa nyembamba.

— Kiptanui, akasema Mohanlal, sasa kwa upole, baridi itakuua. Kwa nini hutaki kuvaa?

Mzee akakwaruza ukingo wa kikombe kwa ukucha.

— Nikivaa, Meja anakuwa nyuma. Nyinyi wote mnamwona. Mimi peke yangu simwoni.

— Vaa mbele nyuma, akasema Ngigi.

— Na vifungo utanifunga wewe?

Chepkorir akatoka na mkasi mdogo mkononi. Akagusa shingo ya Meja, mahali alipokuwa amerudia mshono mara kadhaa hadi unene ukakubali.

— Bwana, naweza kumhamisha. Nimwingize ndani, kwa bitana. Hakuna atakayemwona.

— Meja hajawahi kulala ndani, akasema Kiptanui.

Mama mmoja wa Olenguruone, mwenye kikapu cha njegere, alikuwa amesimama hapo muda, macho kwenye nguzo.

— Hamjambo, wazee. Huyu ng'ombe ni wa kutazamwa?

— Wa kutazamwa, mama! akasema Kiptanui.

— Sasa koti ni la nini?

Khaemba akatikisa birika kana kwamba jibu lilikuwa humo. Mohanlal alilitazama koti, akamtazama Meja, akalitazama koti tena.

— Nauliza kwa sababu mimi sina koti, akasema mama yule. Nina ukuta. Na nilikuwa na ng'ombe.

Chepkorir alikumbuka ndege aliyemshona kwenye goti la suruali, na ua alilolificha chini ya mfuko. Kila mara alingoja kwanza nguo ya mtu iraruke. Nani alimwambia angoje?

Khaemba akainamisha birika. Yalitoka machicha tu.

— Kahawa imeisha, akasema Mohanlal. Unasemaje, Chepkorir?

— Kola zilizobaki nitazimaliza leo, Bwana. Kesho stuli mpe mtu mwingine. Koti nitalitia kiraka cheusi, mzee apate joto. Meja nitamtoa mzima, nimshonee kitambaa chake mwenyewe, kikubwa, na nyasi zake.

— Bila mashine?

— Meja sikumshona kwa mashine.

— Na watu watakuita fundi wa nini?

— Watanipa jina wakishaona kazi.

— Usimsahau yule nzi, akasema Kiptanui. Alikuwa na nzi mmoja hamwachi.

Chepkorir akarudi kwenye stuli, akatia uzi mdomoni. Mohanlal akaingia nyuma yake, akalisukuma gunia la vipande kwa mguu mpaka likagonga stuli ya msichana, kama mtu anayefukuza paka, akarudi kwenye meza yake ya kukatia.

Mama yule alikuwa amekwisha kujitwika kikapu, anashuka ngazi za baraza. Chepkorir akaruka gunia, akasimama mlangoni na uzi bado umening'inia mdomoni:

— Mama! Ngoja kidogo! Huyo ng'ombe wako, pembe zake zilitazama wapi?