Uacheni Mlango Wazi

Mwangaluka, ndugu zangu. Kabla sijaanza, mzee wangu uliye pale nyuma, huo mlango uache wazi. Asante. Mtaelewa sababu.

Nililelewa na baba mdogo, huko Nkololo. Ng'ombe akipotea, nilichapwa, kisha nikafungiwa kwenye chumba cha pamba mpaka kesho yake. Giza, vumbi, na pamba mpaka shingoni. Nilikuwa na miaka minane. Simtaji jina, ameshafariki, na mimi nimechoka kumchukia.

Nilipokuwa kijana nikaanza kusikia sauti za watu nisiowaona. Hospitali wakasema ni skizofrenia, wakanianzishia sindano ya kila mwezi. Sauti zikapungua, nikalima tena. Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu, hata mimi nilipeleka mizigo yangu mizanini kama wanaume wengine.

Halafu ikaja kiu. Ndugu zangu, nawaambia, nilikunywa ndoo nzima! Nikakonda, nikawa naenda kukojoa kila mara, na kidonda cha mguuni kikagoma kupona. Nyumbani wakasema ni masamva, wahenga wa ukoo, wanaomba kinywaji kupitia kwangu. Basi dada yangu, kwa upendo wote, akawa ananipikia togwa kila siku, tena na sukari juu. Nami nikawanywea wahenga bila kubakiza tone! Chekeni tu, hata mimi leo nacheka.

Zahanati nayo, kila nikilalamika, jibu lilikuwa lile lile: "Huyu ni wa sindano. Mpe sindano yake aende." Na mimi sikuwasaidia. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, na mlango ukifungwa nilitoka mbio. Wakaandika kwenye cheti changu: mkorofi.

Siku moja nesi mgeni alinikuta uani, mguu unanuka. Hakuniuliza habari za sauti. Aliuliza, "Baba, mbona huingii ndani?"

Sijui kwa nini nilimjibu yeye. Nikamweleza chumba cha pamba, jambo ambalo hata dada sikuwahi kumwambia. Nililia mbele ya akina mama waliopeleka watoto kliniki.

Akasema, "Basi tutapimia hapa hapa."

Akaleta kigoda, akaniosha kidonda juani, akaenda kupima mkojo wangu. Kisukari. Hospitalini nilikatwa vidole viwili, mlango ukiwa wazi na nesi yule amesimama pale. Mguu ukabaki.

Namshukuru sana nesi yule. Namshukuru dada yangu, aliyelia aliposikia habari ya togwa. Nilimwambia, "Dada, wewe ndiye uliyeisikia kiu yangu." Nanyi nawaomba hili: mwenye ugonjwa wa akili akisema anaumwa mguu, tazameni mguu.

Miaka yote hii nimesali nikiwa nje, dirishani. Leo nimeingia. Nikimaliza, naomba nafasi kwenye lile benchi la mbele. Ila mlango, mzee wangu, usiusahau.