Mama Aliyeniuliza Mteremko

Bwana asifiwe, akina mama wenzangu na wazee wa kanisa. Nikilia katikati, mnisubiri kidogo.

Mnajua hesabu ilinikataa. Nilifeli mara mbili, na bila hesabu chuo cha ualimu hakinipokei. Swali lililonimaliza ni la kutafuta mlinganyo wa mstari. Ukiwa sambamba na mwingine, haya, nilijitahidi. Ukiukata kwa pembe mraba, nilipindua mteremko nikasahau kubadili alama. Kila mara! Nilijiona mjinga, nikaacha hata kuja kwaya.

Mama yangu hakusoma. Lakini tulipokuwa tukianika kokoa uani, aliyashika maneno yangu ili tu aniulize.

"Sambamba?"

"Mteremko uleule, mama."

"Pembe mraba?"

"Pindua."

"Na nini tena, mwanangu?"

Jibu hakulijua. Alijua tu kwamba lina kipande cha pili, nami nakisahau.

Ndugu zangu, nawaambia, kifo hakiangalii ratiba. Tulimzika mama siku moja kabla ya mtihani wangu wa kurudia. Na kwetu binti wa marehemu hatoki msibani kabla matanga hayajaondolewa. Baba mdogo alisema wazi, "Ukitoka kesho, umemtupa mama yako." Nikabaki mkekani, nimeshaamua kuacha.

Asubuhi mkaja ninyi, akina mama. Mmoja wenu akamwambia baba mdogo, "Shemeji, nafasi yake nakaa mimi mpaka arudi." Akakaa kweli, kajifunika kanga kichwani kama mfiwa. Wengine mkanisindikiza kwenye matope hadi mlango wa shule.

Nikafungua karatasi. Mteremko wa mstari ni tatu, tafuta mlinganyo wa mstari unaoukata kwa pembe mraba kwenye nukta waliyotoa. Nikapindua, nikaandika theluthi moja. Na nini tena, mwanangu? Nikaweka hasi mbele yake. Machozi yalidondokea karatasi ya serikali, sikujali.

Nimefaulu, kwa kuponea chupuchupu, na chuo kimenipokea. Mnaniuliza kama nina furaha. Bado, jamani. Aliyeisubiri kuliko mimi hayupo.

Ndaga fijo, asanteni sana, hasa wewe uliyenikalia mkeka. Na mwenye mtoto anayesoma amuulize, hata kama jibu halijui.

Jana nilianika kokoa peke yangu. Nikasema kwa sauti, "Pindua." Nikasubiri aniulize.