Anti Wawira na Siku Mto Uliposimama Kumngoja

Baada ya miaka kumi na mitano ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya Cedar Hollow hapa Irving, Texas, Bi. Wawira Nthiga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Agosti 2007. Alipoanza mwaka 1992, mzungumzaji wa Kiswahili hapa alikuwa yeye peke yake, na anasema alikuwa akisali kwa sauti ndani ya lifti ili Kiswahili kisimtoroke. Leo tunajaza meza mbili chumba cha chakula, na jarida letu lina ukurasa huu.

Nimeombwa niuandike mimi kwa sababu nilisoma Kiswahili shuleni Nakuru kabla ya kuhamia masomo ya Kiingereza huku. Nilikubali haraka, maana mbadala ulikuwa kusimama na kuhutubia, na hapo ningezimia. Mimi ni Jeptoo, yule msichana wa kugawa chakula wikendi ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia akiongea. Miaka yote ya Anti Wawira siijui. Lakini kuna siku moja niliyokuwepo, na hadi leo nikiifikiria nywele zinanisimama.

Kwanza kazi yenyewe. Karibu kila msaidizi wa hapa amepita mikononi mwake, na somo la kwanza halibadiliki: "Funga, halafu angalia kama umefunga." Breki za kiti cha magurudumu, mkanda wa gari, kingo za kitanda. Krismasi moja alifunga hata breki za kitoroli cha keki. Mkurugenzi akaja akasukuma kwa nguvu zake zote. Kitoroli kikabaki, keki ikaendelea na safari.

Yeye ndiye aliyeanzisha matembezi ya wazee. Ofisi kuu ilikubali shingo upande na ikaweka wazi kwamba ikitokea ajali hata moja, matembezi yamekwisha. Kwa mtu ambaye dirisha lake linatazama maegesho ya magari, hilo si jambo dogo.

Juni mwaka jana mmoja wa wazee wetu, Bibi Lorraine, mwenye miaka tisini na moja, alimwomba kitu kimoja: kuiona tena ghuba aliyokulia kandokando yake, karibu na Houston. Basi tukaenda. Wasaidizi wawili walikuja nasi: Onyancha aliendesha gari, Clarisse alibeba dawa; mimi nilibeba sandwichi. Tulilala kwenye nyumba ya wazee ya Houston iliyo chini ya ofisi kuu yetu, na asubuhi tukapanda motaboti pamoja na wazee wanne kwenye viti vyao, katika ziwa ambalo maji yake hutiririka hadi ghubani.

Sijui nilieleze vipi lile ziwa. Miti ilisimama ndani ya maji kabisa, imevaa ndevu za kijivu hadi kiunoni. Ndege weupe waliruka mbele yetu bila haraka, kama wanaotuonyesha njia. Mamba mmoja alitutazama, akatudharau, akazama. Wazee walinyoosha shingo zao. Hata Onyancha alisahau kutania, na mnamjua Onyancha.

Kutoka ziwani tuliingia mfereji unaopeleka maji ya mto hadi ghubani, na kwenye mfereji huo kuna chumba kikubwa cha zege chenye malango mawili. Mashua ikiingia, lango la nyuma hufungwa, maji hupunguzwa polepole hadi yalingane na ya upande wa pili, kisha lango la mbele hufunguliwa. Kwa Kiingereza chumba hicho kina jina lile lile la kufuli, "lock". Nahodha wetu, mama wa Kiteksasi aitwaye Darlene, alipotangaza kwamba tunaingia kwenye kufuli, Clarisse akauliza, "Sasa ufunguo iko na nani?" Tukacheka sana. Katikati ya kicheko hicho Darlene akampa Anti Wawira kamba iliyozungushwa kwenye nguzo ya ukutani, akamwambia aishike tu, asiifunge.

Anti alisikia "kufuli." Alisikia "kamba." Kwa mtu wa "funga, halafu angalia," maneno mawili hayo yanatosha. Akapiga fundo la kufungia mizigo ya kuni, lile la kwao Embu ambalo hata punda halifungui, akalivuta mara mbili kuhakikisha.

Maji yakaanza kushuka. Kuta zikawa zinarefuka, zenye utelezi, zinatiririka, na mimi nilikuwa nimeduwaa kama niko kanisani. Kisha kamba ikalia. Upande mmoja wa motaboti ulibaki juu ukining'inia, upande wa pili ukaendelea kushuka na maji. Sandwichi zangu zikateleza zote hadi ukingoni. Viti vinne havikusogea hata kidogo. Breki zilikuwa zimefungwa.

Darlene alipiga honi mfululizo. Mlinda lango akasimamisha maji, halafu akaanza kuyarudisha, na mto mzima ukapanda taratibu hadi kamba ikalegea. Mto ulisimama, ndugu zangu, ukamngoja Anti Wawira afungue fundo lake. Akalifungua.

"Nani amefunga?" Darlene aliuliza. Kila mmoja wetu alijua swali hilo lina matembezi yote ndani yake.

"Ni mimi, madam," akasema Onyancha.

"Wee Onyancha, nyamaza," Anti akamkata. "Wewe hata kamba ya kiatu hujui kufunga. Ni mimi, Darlene. Na ofisini nitasema mwenyewe."

Darlene alitaka kugeuza. Bibi Lorraine akagonga mkono wa kiti chake na kusema kwamba yeye hajaumia, na hakuja kuangalia ukuta. Darlene akamtazama, kisha akamrudishia Anti kamba. Safari hii Anti aliishika kwa viganja viwili na kuiachia kidogo kidogo, maji yakishuka naye akishusha, huku midomo yake ikisali. Lango la mbele likafunguka. Mwanga ukaingia, kisha harufu ya chumvi, kisha ghuba yote, pana hadi macho yakashindwa. Bibi Lorraine akamshika Anti mkono, wakatazama.

Jumatatu Anti alikwenda ofisini kabla hajaitwa, akaeleza kila kitu. Jibu lilichukua wiki kadhaa: matembezi yaendelee, kwa sharti kwamba hakuna gari litakalotoka bila Wawira ndani yake. Ilikuwa heshima kubwa, lakini alipotangaza kustaafu tukaelewa maana yake nyingine: akiondoka yeye, matembezi yamekwisha.

Mwezi huu wote, basi, amekuwa akipanda na kushuka ngazi za ofisi kuu, akiwakumbusha ni nani amewafundisha Clarisse na Onyancha. Wiki iliyopita sharti lile likaondolewa. Ombi lake la mwisho kazini lilikuwa kwamba tuweze kutoka bila yeye.

Ahsante, Anti, kwa kila mzee uliyemgeuza, uliyemlisha, uliyemchekesha. Mungu akupe usingizi mrefu asubuhi, magoti mepesi, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa mara moja. Kesho, Jumamosi, gari linakwenda ziwani. Bibi Lorraine ameshadai kiti cha dirishani, na safari hii wa kumfungia mkanda ni mimi.