Jonah Kiptanui Bett (1972–2008): Mnyanyua Vyuma Aliyesema Kilichouumiza Moyo Wake

Kabla hatujamlaza ndugu yetu Jonah Kiptanui Bett hapa nyumbani Elburgon, leo Jumamosi tarehe 20 Septemba 2008, familia inaomba kumshukuru Mungu pamoja nanyi kwa miaka thelathini na sita tuliyokaa naye. Mimi ninayesoma ni dada yake, Chepchirchir. Niliyoyaandika hapa yamepitiwa na mama yetu na mkewe, na mengine Jonah mwenyewe ndiye aliyeagiza yaandikwe. Alituambia akiwa hospitalini, "Msiseme niliugua kwa muda mfupi. Semeni kilichonipata." Mama alikataa mwanzoni. Juzi jioni akaniita jikoni akaniambia, "Andika. Ni neno la mtoto wangu."

Jonah alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao hapa Elburgon, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Hezekiah Bett na Mama Tapsubei. Alikuwa mtoto mkubwa tangu siku ya kwanza, na mama husema mkunga alimpima mara mbili akidhani mizani imeharibika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1979 na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986. Alijiunga na sekondari mwaka uliofuata, akapenda sana jiografia. Mwishoni mwa kidato cha pili, gogo lilimponda baba mkono wa kulia kiwandani, na Jonah akaacha shule kushika nafasi yake. Hakuwahi kulalamika mbele yetu. Ila ramani ya Afrika aliyoichora shuleni ilikaa ukutani kwake mpaka karatasi ikawa ya manjano.

Nguvu zake zilijulikana mji mzima. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 1993 kanisa letu lilipotengenezewa mimbari ya mti wa mwerezi. Fundi alikuwa amesema waje wanaume wanne. Jonah alijitwisha peke yake, akapanda nayo kilima, akaiweka madhabahuni na kwenda zake kunywa chai. Kumbe ameiweka imeelekea ukutani. Wanaume waliokuwepo walijaribu kuigeuza ikawashinda, ikabidi ibada isimame na waumini waimbe nyimbo tano hadi Jonah alipomaliza chai yake.

Mwaka 1995 alihamia Nakuru kufanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Mayur, ambaye yuko nasi hapa pamoja na familia yake. Mayur alimwona akibeba mifuko miwili ya simiti kila bega, akamwambia, "Boss, hebu njoo huku nyuma kuna kitu nataka uone." Nyuma ya stoo kulikuwa na chumba cha vyuma vya mazoezi ambacho Mayur na marafiki zake walikuwa wamekianzisha. Jonah aliingia jioni ile na hakutoka tena. Mwaka 1998 alishinda mashindano yake ya kwanza ya kunyanyua uzito, akiinua kilo mia mbili na kumi na tano kutoka sakafuni. Ushindi ule ulikuwa wa chakula cha nyumbani na jasho, na aliupenda kuliko mwingine wowote uliofuata.

Tarehe 16 Desemba 2000 alifunga ndoa na Naliaka, mwalimu wa chekechea, binti wa Webuye. Mungu aliwajalia watoto wawili, Chepchumba mwaka 2001 na Micah mwaka 2004. Naliaka aliwahi kuniambia kwamba mumewe, aliyekuwa akipindisha nondo kwa mikono, alikuwa akimshika mtoto mchanga kana kwamba ni yai, na kwamba usiku wa kwanza alikataa kulala asije akamlalia.

Sasa nafika mahali ambapo aliagiza tusiruke. Mwaka 2001 Jonah alishindwa mara mbili mfululizo, na akaogopa kwamba amefika mwisho wa nguvu zake. Mtu mmoja aliyekuja na timu ya wageni akamletea sindano za steroidi, zile dawa za kukuza misuli. Alichoma kwa miaka sita. Mwili ulijaa, vyuma vikawa vyepesi, na mwaka 2003 na 2004 akachukua kombe la Bonde la Ufa. Sisi tulimshangilia. Nami nilimshangilia, na sikuuliza chochote. Chupa zake ndogo alizificha ndani ya kopo la kakao juu ya kabati.

Mapema mwaka 2007 alianza kuhema akipanda ngazi tatu tu. Miguu ilivimba, na akawa analala ameegemea mito. Tarehe 22 Mei Naliaka alimpeleka kwa daktari wa moyo mjini Nakuru. Daktari alimuuliza kama kuna dawa yoyote anayotumia. Jonah akasema hakuna. Akaulizwa tena, akasema hakuna. Hapo Naliaka akafungua mkoba wake, akatoa lile kopo la kakao na kuliweka mezani.

"Daktari, basi muulize hizi ni za nani."

Daktari alizitazama zile chupa moja moja. Hakumgombeza. Alimwambia, "Mzee, moyo nao ni msuli. Umekuwa mnene, kisha umelegea, na sasa hausukumi damu inavyotakiwa. Siwezi kukuapia kwamba ni dawa hizi peke yake, kwa sababu presha yako pia iko juu. Lakini zimechangia sana. Ukiacha leo, kuna muda nitakaoweza kukupa. Usipoacha, sina."

Walipofika nyumbani Jonah akasema, "Umenivua nguo mbele ya mtu."

Naliaka akamjibu, "Heshima itarudi, Baba Chepchumba. Wewe ukienda, nani atanirudishia?"

Aliacha siku hiyohiyo. Haikuwa rahisi. Alipungua kilo thelathini kwa miezi mitatu, mashati yakamning'inia, na siku moja Naliaka alimkuta amekaa kitandani analia huku ameshika koti lake la ubingwa. Mjini watu wakaanza kunong'ona kuhusu ugonjwa mwingine. Ndipo akaamua kusema mwenyewe. Tarehe 18 Agosti 2007 mashindano yalifanyika Nakuru, naye alialikwa kutoa zawadi. Alipanda jukwaani na kombe lake la mwaka 2004 mkononi, akaomba kipaza sauti.

"Mimi sina ugonjwa mnaousema," alisema. "Nina moyo mbovu, na nimeuharibu mwenyewe kwa sindano. Kombe hili nililishinda kwa sindano. Mwenye haki nalo ni aliyekuwa wa pili, Kahiga wa Gilgil. Kahiga, njoo uchukue."

Kahiga, ambaye ni mchonga mawe na alikuwa amekaa safu ya mbele, hakuinuka. Aliinama tu akatazama viatu vyake, na baadaye akatoka nje.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alibisha hodi nyumbani kwa Jonah. Naliaka alimkaribisha akakaa, lakini sahani hakuigusa. Hatimaye akasema, "Kiptanui, siwezi kuchukua. Hata mimi nachoma. Nachoma tangu mwaka ule ule wa kombe." Wanaume wale wawili walitazamana, kisha Jonah akaanza kucheka, na Kahiga naye akacheka, hadi machozi yakawatoka. Jumatatu Jonah alimshika mkono akampeleka kwa daktari yuleyule. Moyo wa Kahiga ulikuwa umeanza kuwa mnene, lakini ulikuwa haujalegea. Aliacha, akaanza vidonge vya presha, na leo yuko mzima. Kombe halikupata mwenyewe. Liko kwenye kaunta ya Mayur, linawekewa misumari.

Kutoka hapo Jonah alikaa kwenye benchi mlangoni mwa chumba cha mazoezi, na mashine ya kupima presha ambayo Mayur aliinunua. Hakuna aliyegusa chuma kabla ya kupimwa. Vijana walimtania, "Niaje daktari!" naye akawajibu, "Leta mkono, wacha maneno." Waliopimwa pale walizidi mia moja na arobaini. Kumi na mmoja aliwatuma hospitalini, na wanne walikiri kwake kwamba wanachoma na wakaacha.

Januari mwaka huu, baada ya uchaguzi, tulipitia siku ambazo sote tunazijua, kabila likiwinda kabila. Mji ulifungwa, na vidonge vya moyo alivyopewa Jonah na daktari viliisha. Kahiga alivinunua Gilgil, akaomba nafasi katika lori la mikate lililosindikizwa na polisi, akateremka dukani kwa Mayur. Jonah alipomwona alimkemea, "Wewe ni wazimu? Huku watu wako wanatafutwa, na kwenu wangu wanatafutwa."

Kahiga akatoa vyake pia mfukoni. "Basi tuombe maji," akasema, "tumeze pamoja." Alikaa siku tisa nyumbani kwa Jonah, na Jonah alilala mbele ya mlango.

Vidonge vile vilitupatia miezi minane zaidi. Katika miezi hiyo alimfundisha Chepchumba kusoma ramani, akampeleka Micah shule siku yake ya kwanza, na akamwomba mama msamaha kwa kumficha. Agosti alizidiwa, akalazwa Nakuru. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upole mwingi, nasi tunawashukuru. Alifariki Ijumaa tarehe 12 Septemba 2008, saa nne asubuhi, Naliaka akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake Tapsubei, mkewe Naliaka, watoto wake Chepchumba na Micah, ndugu watano na wapwa kumi na wawili. Ameacha pia rafiki yake Mayur na jamaa yote ya duka, na Kahiga, ambaye mama amesema jana mbele ya wazee kwamba ahesabiwe miongoni mwa wanawe na awe wa kwanza kushika jeneza. Vijana wa mazoezi mlioko nyuma kule, hakuna atakayeondoka leo kabla ya kupimwa. Mashine imekuja, iko kwenye meza karibu na lango, na Naliaka ndiye atakayepima.

Ahsante, Jonah. Mungu akupe raha yake, ulale salama.